Nani Alitandika Nyuzi za Mkonge Handeni

Hapana. Aliyekwambia hivyo hakuwepo. Mama Rukia hajawahi kutandika nyuzi za mkonge kwenye uwanja wa kuku wa mtu yeyote, si Handeni, si Korogwe. Umeandika kwenye kundi letu la simu la wanaojifunza kazi, wenzako wote wanasoma, eti huyo bibi tunayemsifu kila siku si ndo aliyeua kuku wa mjane wa watu, sasa kwa nini tufuate maneno yake ya mchanga na mifereji. Nilisoma nikiwa nakunywa chai. Chai ikapoa. Nimekaa siku mbili najizuia, na wanaonijua wanajua kwamba siku mbili kwangu ni mfungo.

Basi nakujibu, na kwa kuwa nimestaafu nitakujibu kwa urefu. Ndiyo, nimestaafu, nina miaka thelathini na mbili, cheka umalize. Daktari wa zahanati alinisikiliza kifua akasema vumbi la maranda na manyoya nililovuta miaka kumi na minne linatosha, nichague kazi au pumzi. Nimechagua pumzi. Nyingi nazimalizia kwenye kuongea, lakini ni zangu.

Nilifika kwa Mama Rukia pale Kwamndolwa, huku Korogwe, nikiwa na miaka kumi na minane, nimemaliza la saba zamani, nimekaa nyumbani nafuga kuku watatu na kuwasoma mwenyewe bila mwalimu. Mama Rukia alikuwa na shamba lake na kuku wake, lakini watu walimjua kwa kitu kimoja: ukiwa na kiwanja kidogo nyuma ya nyumba na unataka kuku wakae humo wasiishi kwenye matope, unamwita yeye akwambie utandike nini chini. Mimi nilikwenda kuomba nimsaidie kuuza mayai yake. Akanipa ndoo ya maji.

Akasema mwaga. Nikauliza wapi. Akasema katikati ya uwanja. Nikamwaga, akakaa kwenye kigoda, akanionyesha jiwe nikae. Tukatazama maji. Mimi nilianza kuongea, maana sijui kukaa na mtu bila kuongea, nikamweleza kuku wangu wote watatu kwa majina. Akanisikiliza mpaka nikachoka, halafu akaniuliza yale maji yamekwenda wapi. Sikujua. Yalikuwa yameteleza mpaka kwenye kona ya banda, yamekaa pale kama bakuli, na mbuzi wa jirani alikuwa anayanywa.

"Hapo ukiweka pumba," akasema, "kesho kutwa una uji."

Hiyo ndiyo siku yangu ya kwanza. Nilirudi kesho yake bila kuitwa.

Nyinyi mnaoanza sasa mnapenda kuuliza, dada Saumu, kipi ni bora, maranda au mchanga? Swali hilo halina jibu mpaka umwage ndoo. Pumba za mpunga tulikuwa tunazifuata Magoma, kwenye mashine ya kukoboa, ni nyepesi na zinapatikana, lakini nje upepo unazigawa kwa majirani na mvua inazichachusha, kwa hiyo ni za chini ya paa tu. Maranda ni mazuri yakiwa makubwa, yale ya randa ya mkono. Ule unga wa msumeno usiuguse, unaingia kwenye pua za kuku na za kwako, mimi ni ushahidi. Na mbao zilizopakwa dawa, maranda yake mwachie fundi mwenyewe. Majani makavu yanafaa ukiyageuza kila siku, yakishika ukungu yatoe yote. Ukoka? Panda kama una uwanja wa mpira. Kuku kumi kwenye kiwanja cha uani wanamaliza ukoka kabla hujamaliza kujisifu. Kokoto zinaumiza nyayo. Mchanga wa mto, ule wenye chembe kubwa, unapitisha maji, na asubuhi unapitisha reki unaokota kinyesi kama unachambua mchele. Ila kwa jua la Handeni usipoweka kivuli unachoma miguu. Haya yote niliyapata kwa Mama Rukia na kwa kukosea. Hakuna cheti.

Reki yenyewe tulikuwa tunatengeneza. Ubao, misumari ya nchi nne, mpini wa mti wowote usiopinda. Hizi za dukani meno yake yanalala siku ya tatu.

Nilimpenda yule mama. Nasema wazi. Kuna siku pale Magoma mwenye mashine alitujazia viroba vya pumba mbichi huku amezifunika kwa kavu juu. Mimi nikamwaga kiroba chote mbele ya wateja wake, nikamuuliza kama anauza pumba au anauza supu. Mama Rukia alinivuta kwa kanga tukaondoka, na njia nzima alinigombeza. Lakini alikuwa anacheka kwa mabega. Niliyaona mabega. Miaka saba nilikuwa mimi na yeye tu, na katika miaka hiyo saba sikuwahi kusikia neno la sifa, na sikulihitaji, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kupewa.

Halafu akaja Agnes.

Agnes alishuka kutoka Lutindi, binti mpole, anaongea Kishambaa kwenye simu na mama yake kila jioni, anavaa viatu vya kufunga hata kwenye matope. Alikuwa mdogo kwangu miaka miwili. Aliniita dada. Hata kumchukia alikuwa ananinyima nafasi.

Sasa niwaambie ukweli, kwa sababu nimewaona wengine kati yenu mnavyotazamana mteja akimsifu mmoja. Wivu wa kazini hauanzi kwenye kitu kikubwa. Mimi ulinianzia kwenye kigoda. Mama Rukia alikuwa na kile kigoda kimoja, na mimi miaka yote nilikalia jiwe. Agnes wiki ya kwanza alikuja na kigoda chake kutoka kwao, akakiweka pembeni ya kile cha mama, wakawa wanakaa usawa mmoja. Mimi nipo chini kwenye jiwe natazama magoti yao. Hakuna aliyenikataza kuleta kigoda. Najua. Lakini nilisema nikileta itaonekana nimeiga.

Na alikuwa anajua kukaa kimya, na mbaya zaidi, alikuwa anaona. Tunamwaga ndoo, mimi naeleza maji yatakwenda wapi, yeye hasemi, halafu ananyanyua kidole tu kuonyesha mahali, na maji yanakwenda kwenye kidole chake. Siku ya kwanza nilisema bahati. Siku ya tano nilianza kuamka mapema kuliko yeye ili nikanoe koleo lake pamoja na langu, mama aone nani mchapa kazi. Mama alipoona alisema, "Saumu, koleo halinolewi hivyo," akaendelea kufagia.

Ndo tukaitwa Handeni. Kulikuwa na mjane mmoja, Mama Salima, mtu wa heshima zake, alikuwa amenunua kuku wa mayai arobaini kwa fedha ya mwisho aliyoachiwa. Kiwanja kilikuwa nyuma ya nyumba, udongo mwekundu unaonata, na masika yalikuwa yameanza. Kuku walikuwa wanatembea kama watu wenye viatu vya udongo. Mayai yalikuwa yanatoka machafu, na miguu ya wengine ilikuwa imeanza kuvimba. Tulimwamkia, akatuambia jambo moja tu, kwamba wale kuku wakifa yeye anarudi kwa kaka yake kijijini kulishwa, na mke wa kaka yake hampendi.

Tukamwaga ndoo. Mimi nikasema mfereji upite upande wa choo. Agnes akanyanyua kidole upande wa jiko. Mama Rukia alitazama, akatembea, akakanyaga, akarudi. Akasema mfereji upite upande wa jiko, juu umwagwe mchanga wa mto wenye chembe kubwa, maranda yawe ndani ya banda tu. Halafu akamgeukia Mama Salima, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba chumvi:

"Huyu Agnes ana jicho."

Miaka saba, na mwenzangu miezi kumi. Nilichimba ule mfereji peke yangu mpaka viganja vikatoka maji, na kila nilivyopiga jembe nilikuwa nasema ana jicho, ana jicho. Mama Salima alidhani naimba, akaniletea uji.

Kesho yake asubuhi ikaja simu ya msiba Kwamndolwa, Mama Rukia akaondoka. Agnes akatumwa na kirikuu, kile kigari cha mizigo, kufuata mchanga mtoni. Mimi nikabaki kumalizia banda. Maagizo yalikuwa wazi: nisiguse uwanja mpaka mchanga ufike. Mama aliyasema mara mbili, na mara ya pili alinishika mkono.

Mvua ikanyesha. Agnes akapiga simu, njia ya mtoni imekatika, mchanga labda baada ya siku tatu, labda nne. Alisema tuwafungie kuku bandani mpaka atakapofika. Aliniagiza. Mimi. Kwa upole, na neno dada mwanzoni na mwishoni, lakini aliagiza.

Hapa ndipo sikilizeni vizuri, maana kosa hili ni la watu wa huku kwetu, mtu wa Mbeya hawezi kulifanya. Mimi babu yangu alikuja kukata mkonge. Baba yangu amezaliwa kambini. Kwetu godoro ni nyuzi za mkonge, kochi ni nyuzi za mkonge, sufuria tunasugulia nyuzi za mkonge. Zile nyuzi fupi zinazobaki korona, pale inapokwanguliwa mikonge, unazipata bure ukijuana na mtu, na mimi ninajuana na binamu yangu. Ni nyeupe, ni laini, hazinuki, hazishiki maji. Nikajiuliza, kwa nini miaka yote hii hakuna aliyefikiria? Nikajijibu, kwa sababu hawana jicho.

Zikaja siku hiyohiyo, viroba kumi na viwili. Nikatandika uwanja mzima, nene kiasi kwamba mkono unazama mpaka kwenye kifundo. Nikafungua banda. Kuku walisimama mlangoni wakatazama, halafu mmoja akatoka, akatembea, akalala palepale kama bibi harusi. Mama Salima alishika mashavu. Akasema hata yeye mwenyewe hajawahi kulalia godoro zuri hivyo. Akaita majirani waje waone. Akauliza jina langu mara ya pili, alishike vizuri.

Sitawadanganya. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote za kazi yangu.

Mchanga ulivyofika nilimwambia Agnes aumwage nje ya ukuta, hautakiwi tena. Alitazama ule uwanja mweupe. Akaniuliza kama mama anajua. Nikamwambia anajua, na kazi ameniachia mimi, siyo yeye Agnes. Akaumwaga mchanga, tukarudi Korogwe. Kwa mama msibani nilisema kazi imekwisha vizuri, na mama alikuwa na watu wengi, hakuuliza zaidi.

Siku ya tano Mama Salima akapiga simu. Kuku hawali. Wanasimama wamejikunja, na shingo zimejaa.

Tulivyofika, mimi nilijua kabla sijaingia, kwa ule ukimya. Uwanja wa kuku arobaini hauwi kimya mchana. Kuku anaparua, jamani. Kazi yake duniani ni kuparua na kudonoa. Walikuwa wamezidonoa nyuzi siku tano, moja moja, na zilikuwa zimejisokota kwenye kile kifuko cha chakula shingoni, ngumu kama mpira wa kitenge. Wengine nyuzi zilikuwa zimewafunga vidole mpaka vimekuwa vyeusi. Saba walikuwa wamekufa. Wawili walikufa tukiwa tunatazama.

Mama Salima hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Ni nani kati yenu aliyeamua niwekewe hivi vitu?"

Alikuwa anatuuliza sote watatu, maana mikono yangu aliiona ikitandika, alichotaka kujua ni akili ilikuwa ya nani. Na mimi, ambaye niliweza kumwaga kiroba cha mtu mbele ya watu, mimi ambaye sijawahi kukosa neno tangu nizaliwe, nilifungua mdomo hakikutoka kitu.

"Ni mimi, dada yangu," Mama Rukia akasema. "Niliwaagiza mimi kwa simu. Hawa wamefanya nilichowatuma."

Akavua ndala, akaingia uwanjani, akaanza kuzoa nyuzi kwa mikono.

Agnes alikuwa ameshakaa chini na kimkasi chake cha kucha. Alimweka kuku mapajani, akakata nyuzi kwenye vidole moja baada ya nyingine, halafu akamtilia mafuta ya kula kidogo mdomoni, akawa anamkanda shingo taratibu mpaka ule mpira unalainika. Mmoja mmoja, mpaka jua linakwenda kuzama. Alinionyesha na mimi namna ya kukanda. Mikono yangu ilikuwa inabonyeza pasipo, akaishika, akaiweka mahali pake. Tuliokoa thelathini na mmoja. Na niwaambie kitu kibaya: katika siku ile, na kuku wa mjane wanakufa kwa mkono wangu, kitu nilichokuwa nakifikiria ni kwamba anakanda vizuri kuliko mimi.

Tulitandika ule mchanga. Mama Rukia alimletea Mama Salima kuku tisa kutoka kwake mwenyewe. Mama Salima aliwapokea, lakini hakutukaribisha ndani.

Nilingoja kugombezwa. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwishowe nikamfuata mama mwenyewe jikoni, nikamuuliza kwa nini alisema ni yeye.

"Mimi nina shamba, na nina watoto wananilisha," akasema huku anachambua maharage. "Wewe una nini? Una mdomo tu. Ukiharibikiwa jina unakula nini?"

Nikamwambia nitakwenda Handeni kusema. Akasema nikienda nisirudi kwake. Akanikabidhi ungo nimalizie maharage, na neno hilo hakulisema tena mpaka leo.

Jina lake ndo likaharibika. Handeni nzima wakajua kuna bibi wa Korogwe anaua kuku kwa nyuzi. Waliokuwa wanamwita wakaacha, na waliobaki walikuwa wanasema tuletee yule Agnes. Baada ya miaka miwili mama akasema miguu inamuuma, akatuachia kazi. Miguu yake haikuwa na kitu, mpaka leo analima. Agnes akaenda mbele, mimi nikabaki wa pili, nikawa nasema moyoni kwamba ameninyang'anya nafasi yangu. Nilisema hivyo miaka mitano. Ukisema jambo miaka mitano unaliamini.

Mwezi uliopita, siku yangu ya mwisho, tulikuwa mimi na Agnes tunapakia vifaa. Nikaona siwezi kuondoka na mzigo ule. Nikamwambia, Agnes, zile nyuzi za Handeni, mama hakuniagiza.

Hakuacha hata kufunga kamba.

"Najua, dada. Mama aliniambia siku ileile. Alinikataza nisije nikakudharau."

Miaka saba alikuwa anajua. Wateja wangapi mbele yangu walimuuliza kama kweli mwalimu wake aliua kuku, akawa anajibu kwamba ilikuwa bahati mbaya, na mimi nimesimama pale na koleo. Angeweza kunyoosha kile kidole chake mara moja tu. Kidole kimoja, nami nimekwisha.

Mngetegemea nishukuru. Nilikasirika. Nilikasirika kwamba wao wawili walikuwa na siri, na siri yenyewe ni mimi, wakanitunza katikati yao kama mtoto anayeumwa. Nilimuuliza walikuwa wanakaa wapi wakiniongelea. Akasema hawakuwahi kuniongelea tena. Nikaona hiyo ni mbaya zaidi. Halafu nikaingia ndani nikalia mpaka kifua kikabana, nikavuta dawa, nikatoka tukamalizia kupakia.

Mama Rukia hajui kama naandika hivi, na akijua atanifukuza kama alivyoahidi. Afukuze. Jumamosi nakwenda Handeni kwa Mama Salima, nitaingia kwa miguu yangu, nitamwamkia, nitamwambia akili ilikuwa yangu, mama hakuniagiza. Sijui atasema nini. Agnes ameomba anisindikize nikakataa, nikafikiri, nikamwambia basi njoo, lakini usiseme kitu mpaka mimi nimalize. Akajibu kwamba miaka yote hii kazi yake imekuwa hiyohiyo.

Kwa hiyo wewe uliyeandika kule kwenye kundi, nyuzi nilitandika mimi, Saumu, kwa mikono hii, kwa wivu, na aliyebeba lawama ni mwingine. Lipeleke hilo kwenye kundi kama lilivyo. Ila kabla hujalipeleka nijibu moja: kuku wa kwanza kufa mkononi mwako wewe, ulimsingizia nani?